Huyu siye bibi yangu

Ni Jumapili usiku, chumba kizima wamelala, mimi niko macho na kazi ya kukabidhi Jumanne sijaigusa. Kuna jambo limenikaa kooni tangu nitoke likizo, acha nilitoe.

Likizo nilikuwa nyumbani, Kilwa Masoko. Mama mdogo ana CD ya harusi yake ya 1997. Ilipigwa kwenye mkanda wa VHS, baadaye ikahamishiwa kwenye VCD. Mkanda wenyewe ukaja kuota ukungu, si mnaijua hewa ya pwani yetu, ukatupwa. Kwa hiyo imebaki VCD tu, na ndani yake kuna dakika kama tatu za marehemu bibi yangu mzaa mama, kajifunga kanga, anacheza na kupiga vigelegele. Ukoo mzima hatuna video nyingine ya bibi.

Sasa nyumbani wamenunua TV ya inchi 43. Kuweka ile CD, bibi anaonekana vibokisi vibokisi, halafu kanenepa ghafla. Wote wakanigeukia: "Wewe si msomi? Msafishie bibi yako." Kompyuta wala sisomei, lakini ukishaitwa mtu wa chuo, nyumbani unajua kila kitu, hadi kutengeneza pasi.

Basi nikafungua ile CD kwenye laptopu, folda ya MPEGAV, nikanakili faili la AVSEQ01.DAT. Niliporudi chuo, mshikaji mmoja mwenye kompyuta yenye kadi ya grafiki ya maana akaniwekea programu ya akili mnemba ya kukuza video. Tukaiacha ikoroge usiku kucha. Asubuhi, jamani, video ya leo kabisa! Ngozi laini, macho yanang'aa. Nikaituma nyumbani kwa mbwembwe.

Mama mdogo akapiga simu. "Mwanangu, huyu nani?"

Nikacheka, nikadhani utani. Nikaangalia tena taratibu. Bibi alikuwa na chale mashavuni. Kwenye VCD zilionekana kwa mbali, kama kivuli. Programu imeziona uchafu, imezifuta zote. Maandishi ya kanga yake yamegeuka herufi za lugha isiyokuwepo duniani. Mama mdogo akasema kwa upole, "Ni mama mzuri, lakini si mama yangu." Nikaishiwa maneno.

Tupige hesabu kidogo. Picha ya VCD ya huku kwetu ina nukta 352 kwa 288, yaani 101,376. Ukiikuza ijae TV ya Full HD kwa urefu, bila kuivuta pembeni, inahitaji nukta 1440 kwa 1080, zaidi ya milioni moja na nusu. Yaani kwenye kila nukta 15, moja tu ndiyo ya kweli, 14 zimetungwa. Ukuzaji wa kawaida unazitunga kwa kuangalia nukta za jirani na kuchukua wastani, ndiyo maana picha inatoka laini na imefifia kidogo. Akili mnemba imejifunza kwa sura chungu nzima za watu wengine, kwa hiyo panapokosekana kitu inachora kile inachodhani kingekuwepo. Kama haikuona sura nyingi zenye chale, unategemea nini?

Na siyo bibi yangu tu. Mwaka 2020 kuna programu ya picha mnato iliitwa PULSE, ya watafiti wa Duke University kule Marekani. Watu wakaiwekea picha ya Barack Obama iliyofifishwa, ikatoa sura safi kabisa ya mzungu. Kama Obama, anayejulikana na dunia nzima, anabadilishwa, bibi wa Kilwa atasalimika vipi?

Msimamo wangu ni huu: kukuza video siyo kosa, kosa ni kuita kilichotungwa kumbukumbu. Magofu ya Kilwa Kisiwani yaliingizwa kwenye Urithi wa Dunia 1981, yakawekwa kwenye orodha ya hatari 2004, yakatolewa humo 2014. Kuzibia ukuta wa msikiti wa kale usidondoke ni jambo jema. Lakini fundi akiongeza ghorofa ambayo hakuna anayejua kama ilikuwepo, hapo hajahifadhi kitu, kajenga chake.

Najua mtaniambia, wazee wanataka kuona vizuri, hayo mengine falsafa. Sawa, tufanye hivi:

Kwanza, nakili CD kama ilivyo, weka sehemu mbili tofauti, na usifute wala kubadili kitu. Kama mkanda bado upo, rudi kwenye mkanda. Ukinakiliwa vizuri unakupa nukta 720 kwa 576, mara nne ya VCD, na zote zimetoka kwenye mkanda wenyewe.

Pili, iambie TV ionyeshe 4:3. Nusu ya ubaya tuliokuwa tunaulalamikia ulikuwa ni picha kuvutwa pembeni. Bibi hakuwa mnene hata siku moja.

Tatu, jaribu kucheza video kwa mpv au VLC, iache programu iikuze palepale bila kugusa faili, halafu kaa mbali kidogo na TV. Mara nyingi inatosha.

Nne, ukitumia akili mnemba, tengeneza faili jipya, andika kwenye jina lake kwamba limetungwa, na usilisambaze kwenye ukoo kama ndilo la kweli. Wajukuu wa kesho hawatakuwa na mama mdogo wa kuwauliza "huyu nani?"

Mimi nimeshawatumia nyumbani lile faili la mwanzo kwenye flashi. Wanaliangalia kwa 4:3, na ukungu wake hivyohivyo. Mama mdogo anasema chale anaziona. Mimi naziona kwa shida, lakini yeye ndiye aliyelelewa na ile sura.

Haya, ngoja nikaiguse hiyo kazi ya Jumanne. Nyie wenye kanda za wazee zinazoota ukungu kabatini, fanyeni hima. Alamsiki.