Sindano ya chunusi? Uliza kwanza, shoga!

Msimu wa harusi ndo huo umeshika kasi, kila wikiendi sendofu, kila wikiendi kichen pati, na kila anayealikwa anataka sura itoke vizuri kwenye picha. Sasa huko saluni ninakopitisha masikio yangu, habari ya mjini ni sindano ya chunusi. Eti unachomwa leo, keshokutwa uso mlaini kama wa kichanga!

Wala si uongo mtupu. Sindano hiyo ipo na madaktari wa ngozi wanaitumia miaka mingi. Chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2024 kuhusu chunusi, kimeitaja kuwa inafaa kwa zile chunusi kubwa zinazotishia kuacha kovu. Dawa yenyewe ni steroidi inayoitwa triamsinoloni, wengine wanaijua kwa jina la Kenalog. Inachomwa ndani ya uvimbe wenyewe, siyo mkononi wala makalioni, na kazi yake ni kuzima ule moto: wekundu, maumivu, kuvimba. Ndani ya saa 48 mpaka 72 bonge linakuwa limenywea.

Lakini angalia nimesema bonge. Siongelei vipele vidogo vyenye ncha nyeupe wala vile vyeusi vya puani. Hiyo ni kwa chunusi iliyozama chini ya ngozi, ngumu, inauma hata ukilalia mto, haina mdomo wa kutumbulia. Mtu aliyejaa vipele vidogo uso mzima akija kutaka sindano kila kipele, daktari mwenye akili zake atamrudisha nyumbani na dawa ya kupaka.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Nina mtoto wa mamdogo wangu, binti mzuri, mapozi kibao. Alipata bonge shavuni wiki mbili kabla ya mahafali yake. Akaenda zahanati moja ya mtaani, jina naliweka kapuni, akachomwa. Kweli siku ya mahafali shavu lilikuwa tambarare, tukapiga picha, tukala pilau. Mwezi haujaisha, pale pale kukaanza kudidimia. Kishimo! Ungedhani mtu kabonyeza kidole gumba kwenye unga uliokandwa. Na juu yake ngozi imepauka, doa jeupe la ukubwa wa shilingi. Binti akaanza kutembea na mtandio mchana kutwa, chuoni anakaa kiti cha nyuma. Nilikuwa naye alipokwenda kumwona daktari wa ngozi, na swali la kwanza la mzee yule lilikuwa: "Walikuchoma nguvu gani?" Hakuna aliyejua. Tukarudi kule tukauliza, tukaonyeshwa kichupa: miligramu 40 kwa kila mililita.

Hapo ndipo penye kisa chote. Dawa hii inakuja kwenye vichupa vya miligramu 10 au 40 kwa mililita. Hiyo 40 ndiyo wanayochoma kwenye magoti ya wazee wetu, na kwenye yale makovu yanayoota na kuvimba baada ya kutoboa masikio. Kovu ni gumu, linahitaji nguvu. Shavu lako siyo goti! Kwa chunusi ya usoni kipimo cha kawaida ni kama miligramu 2.5 kwa mililita. Maana yake kichupa cha 10 kinazimuliwa, sehemu moja ya dawa kwa sehemu tatu za maji ya chumvi ya hospitali. Cha 40 kinataka sehemu kumi na tano. Na kinachoingia kwenye chunusi moja ni tone moja au mawili tu, basi. Ikizidi, steroidi inakula mafuta na nyama laini chini ya ngozi, ndo shimo linapotokea. Halafu dawa yenyewe ni kama maziwa yaliyotulia, chembechembe zinakaa chini, kwa hiyo lazima kichupa kitikiswe kabla ya kuvutwa.

Basi swali lako la kwanza, shoga yangu, kabla hujalaza kichwa kwenye kile kiti: "Dokta, unanichoma nguvu gani na umezimua na nini?" Akikasirika, chukua mkoba wako uondoke. Anayejua kazi yake hakasiriki.

Doa jeupe nalo nisilipite juu juu. Linaweza kumpata mtu yeyote, lakini kwa sisi wenye rangi yetu linaonekana toka ng'ambo ya barabara. Mara nyingi shimo na doa hurudi vyenyewe baada ya miezi kadhaa. La mtoto wa mamdogo lilichukua kama miezi minane kujaa. Lakini wapo ambao halirudi sawasawa. Na kosa kubwa ni kupaka mkorogo pembeni ili ngozi yote ifanane na doa. Jamani! Mikorogo mingi ina steroidi humo humo, na steroidi ya kupaka usoni kila siku inaleta chunusi zake mpya.

Kuna dada wa Tabata kanitumia meseji, sendofu yake ni Jumamosi ya wiki ijayo, kidevuni kuna bonge, anauliza achome Ijumaa? Hapana mama. Ijumaa utakuwa umechelewa, utaingia ukumbini na uvimbe na alama ya sindano juu yake. Siku nne au tano kabla ndo wakati wake. Na kama hujawahi kuchomwa hata mara moja, fikiria sana kama unataka kulijaribia jambo hili kwenye sherehe yako. Vipodozi vya bibi harusi vinafunika uvimbe. Shimo havifuniki.

Wapo wasiotakiwa kukimbilia sindano kabisa. Kama hicho kitu ni jipu lenye vijidudu, jekundu linalopanuka na homa juu, steroidi inaushusha ulinzi wa mwili pale pale na kuliharibu zaidi. Mwenye kisukari aseme, maana sukari inaweza kupanda. Mjamzito na anayenyonyesha waseme. Na nyie akina kaka, vipele vya ndevu vinavyotoka baada ya kunyoa mara nyingi ni nywele zilizojikunja kuingia ndani ya ngozi, siyo chunusi. Mashine ya kunyolea itazamwe kabla ya sindano.

Halafu saluni siyo hospitali. Karibu na jicho na pua kuna mishipa ya damu inayoungana na ya macho, na wapo watu, ingawa wachache sana, waliopoteza uwezo wa kuona baada ya sindano za steroidi maeneo hayo. Muhimbili kuna madaktari wa ngozi. Moshi, pale KCMC, kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi wa kanda nzima toka mwaka 1992. Waliosomea wapo.

Tena sindano haizuii chunusi ijayo. Imezima hii moja tu. Ukiona kila mwezi unarudi, na hasa sehemu ile ile kabla wiki tatu au nne hazijapita, ujue unatibu moshi. Mwambie daktari akupe tiba ya mzizi: benzoili peroksaidi, adapalini ya kupaka usiku, au doksisaiklini kwa muda. Isotretinoini kwa waliozidiwa, ila hiyo ni mwiko kwa mwenye mimba, inamlemaza mtoto tumboni.

Ukishachomwa, usiminye, usisugue, vipodozi viache siku hiyo. Kauvimbe kadogo kwa siku moja ni kawaida. Uwekundu unaosambaa au usaha, rudi kwa daktari usiku huo huo.

Meseji za mkorogo ni nyingi mno, hizo nazishughulikia wiki ijayo.