Kreatinini imeshuka, lakini nani ameishusha?

Juzi nilipigiwa simu na dada mmoja anayeuza mboga soko la Tandale. Kaka yake amelazwa chumba cha wagonjwa mahututi: aliharisha siku tatu, akachelewa kufika hospitali, figo zikagoma. Ameshasafishwa damu kwa mashine mara mbili. "Daktari, asubuhi kreatinini ilikuwa 980, jioni wameandika 390. Si ndiyo anapona? Ndugu wanasema tuache mashine, maana hela imeisha."

Msomaji, usimcheke. Nimewahi kuwasikia hata watu wa taaluma yangu wakilipokea jibu la namna hiyo kwa furaha.

Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli. Figo nzima huitoa kwa mkojo, na kwa mtu mzima mwenye afya hubaki kwenye damu kati ya 60 na 110 hivi, kwa kipimo cha mikromoli kwa lita. Ikipanda, tunajua figo zina shida. Lakini ni chembe ndogo sana, na chujio la mashine limetengenezwa kuipitisha. Saa 4 za mashine zinaweza kuondoa zaidi ya nusu yake. Kwa hiyo ile 390 ni kazi ya mashine; inawezekana figo za huyo kaka hazikufanya chochote siku hiyo. Watu wa Tandale wanaoishi kando ya Mto Ng'ombe watanielewa haraka: maji yakijaa uani ukayachota kwa ndoo mpaka pakakauka, huwezi kusema mtaro umezibuka.

Namba ya kutazama ni ile inayochukuliwa kabla ya kuunganishwa tena na mashine. Ikiwa imepanda kwa kasi ileile, figo bado zimelala. Ikipanda polepole kila safari, pana tumaini. Hata hapo nina wasiwasi wangu. Mgonjwa mahututi anaisha misuli kitandani, na maambukizi makali yenyewe hupunguza utengenezaji wa kreatinini. Ukiongeza dripu zilizomjaza maji mwilini, taka inazimuliwa. Mgonjwa aliyekonda anaweza kuonyesha namba nzuri huku figo zake zikiwa hoi.

Ndiyo maana wataalamu wametafuta alama nyingine. Ipo sistatini C, ambayo haitegemei sana misuli. Ipo protini iitwayo NGAL, inayopanda saa chache tu baada ya figo kuumia, wakati kreatinini huchukua siku moja au mbili. Ni vipimo vya maana, ila kwa mgonjwa aliye kwenye mashine navyo vina matatizo yake. NGAL humwagwa pia na chembe nyeupe za damu zinapopambana na vijidudu, kwa hiyo ikipanda kwa mgonjwa mwenye maambukizi hujui nani kaimwaga. Baadhi ya machujio ya kisasa yenye matundu makubwa huondoa sehemu ya protini hizi. Kuipima kwenye mkojo ni bora zaidi, lakini mgonjwa asiyekojoa utampima nini?

Mimi nasema hivi, na wenzangu wanaweza kubisha: kabla hospitali zetu hazijanunua vitendanishi vya bei kubwa, tuhakikishe kwanza mkojo unapimwa na kuandikwa kila siku. Utafiti mkubwa uliohusisha nchi nyingi, uliochapishwa 2009, ulikuta kuwa mkojo unaozidi mililita 400 hivi kwa siku, bila msaada wa dawa ya kukojoza, ni miongoni mwa dalili bora kwamba mgonjwa anaweza kuachishwa mashine. Mfuko wa mpira wa mkojo una alama za mililita. Kinachokosekana mara nyingi ni karatasi iliyojazwa vizuri na mtu wa kuisoma wakati wa raundi.

Jambo hili linanigusa kwa sababu figo zilizogoma ghafla si sawa na zile zilizochakaa kwa miaka kwa kisukari au shinikizo la damu. Kinondoni tunaukumbuka mlipuko wa kipindupindu wa Agosti 2015. Kuharisha kwa namna ile hukausha mwili mpaka figo zinakosa damu. Wengi wanaonusurika hatari hiyo, figo zao huamka tena baada ya siku au wiki kadhaa. Mashine ni ya kuwavusha tu. Ukiiacha katikati kwa sababu karatasi ya jioni imeandikwa 390, unaweza kumzika mtu ambaye angerudi nyumbani.

Nilimwambia yule dada asiulize tena kreatinini ni ngapi. Aulize ilikuwa ngapi kabla ya mashine, na jana kaka kakojoa kiasi gani. Kuhusu hela, aende kwa ofisa ustawi wa jamii wa hospitali hiyohiyo kabla ndugu hawajaamua lolote.

Alinipigia tena Jumamosi. Kabla ya mashine ilikuwa 640. Mkojo, mililita 150, na siku iliyotangulia haukuwepo kabisa. Bado wanaendelea na mashine.