MAPATO YAKISHUKA, TUSIANZE KWA KUMSHIKA KARANI



Katika matawi yetu ya Kitale na Bungoma limezuka neno, na neno hilo lisipotazamwa mapema litatuvunjia umoja. Wanachama kadhaa walichanga fedha zao wakaanzisha tovuti ya kutoa bei za mahindi na maharagwe, nafasi za kazi, na habari za mpira. Tovuti hiyo huishi kwa matangazo ya biashara ambayo Google huyaweka humo. Gharama zikilipwa, kinachobaki hugawanywa kwa waliochanga. Kwa miezi mingi fedha ziliingia vizuri. Halafu kwa ghafula zikashuka hata kufika nusu. Mkutano ukaitishwa, na kabla hajatokea mtu wa kuuliza swali hata moja, sauti zikapaa: "Karani amekula! Afukuzwe!"

Sisi hatusemi karani huyo ni mwema, wala hatusemi ni mwizi. Twasema hakuna mtu katika mkutano ule aliyekuwa amekwisha kujua. Na yatupasa kuona haya kidogo, kwa sababu ni sisi tunaopiga kelele kila siku bwana mkubwa akimwachisha mtu kazi bila kumsikiliza. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, sehemu ya 41, yamtaka mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa makosa, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na asikilize majibu yake, naye mfanyakazi awe pamoja na mwenzake wa kazi au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe. Je, sheria hiyo ni ya kuwafunga wengine tu, na sisi tukiwa waajiri imekwisha?

Basi tuitazame kazi yenyewe kama mafundi. Upepo wa breki ukipungua katika garimoshi la mizigo, hakuna dereva anayemtupa gadi nje. Watu hushuka, wakatembea behewa kwa behewa wakisikiliza mahali hewa inapotoka. Kama treni ni ndefu, hufunga bomba katikati, wakaona kama nusu ya mbele yashika upepo au haishiki. Kwa njia hiyo kosa hupatikana upesi, nayo safari huendelea.

Fedha za matangazo nazo zina mabomba yake, na ni manne. La kwanza ni idadi ya watu waliofungua tovuti. La pili ni matangazo mangapi yameonekana mbele yao. La tatu ni bei ya kila tangazo. La nne ni dola ile imegeuzwa kwa shilingi ngapi siku ya malipo. Ukizidisha hayo manne pamoja unapata mapato. Likishuka moja tu, mapato yote hushuka, hata kama matatu mengine ni mazima.

Tuanze na bei, maana ndiyo wengi hawaielewi. Kila mtu anapofungua ukurasa, mnada hufanyika kwa kufumba na kufumbua. Wenye biashara hushindana kama watu katika mnada wa ng'ombe, naye aliyetoa zaidi hupewa nafasi. Google hukata sehemu yake, na kwa maelezo yake yenyewe mwenye tovuti hubakiwa na kiasi cha asilimia 68 ya fedha hizo. Sasa, mnada wowote hutegemea wanunuzi. Mwezi wa Desemba makampuni hutangaza kwa wingi kwa ajili ya sikukuu, na bei hupanda. Januari fedha zao za mwaka mpya huwa hazijafunguliwa vizuri, na bei huanguka. Anayelinganisha Januari na Desemba atapata hofu bure. Yafaa kulinganisha Januari hii na Januari iliyopita, kama vile mkulima wa Trans Nzoia asivyolinganisha gunia la wakati wa mavuno na gunia la wakati wa njaa.

Pili, tutazame wasomaji. Tovuti yetu yahusu mahindi, na mahindi yana majira. Watu huuliza bei sana wakati wa kuvuna, na huuliza mbegu na mbolea mvua ya Machi na Aprili inapokaribia. Katikati hapo wengi hukaa kimya. Tena wasomaji wengi huletwa na Google yenyewe wanapotafuta jambo, na Google hubadilisha kanuni zake. Tarehe 5 Machi 2024 ilianza mabadiliko makubwa yaliyomalizika Aprili mwaka huo, yenye shabaha ya kuzisukuma nyuma kurasa zisizo na faida kwa msomaji, zikiwamo zilizonakiliwa kwa wengine. Tangu mwaka huo pia imeanza kuweka juu kabisa jibu lililotungwa na mashine, hata mtu akapata haja yake bila kufungua tovuti ya mtu yeyote. Kama habari zetu za mpira zilikuwa za kunakili, tusishangae wasomaji wakipungua. Lakini bei ya gunia iliyoulizwa asubuhi sokoni Chwele na mtu wetu mwenyewe, hiyo haina mwingine anayeweza kuinakili kabla yetu.

Tatu, tutazame matangazo yenyewe kama yaonekana. Mtu akibadilisha sura ya tovuti, huweza kufuta bila kujua yale maandishi yanayoita matangazo. Ukurasa utafunguka vizuri, wasomaji watakuwa wale wale, lakini nafasi ya tangazo itakuwa tupu. Tena kuna faili dogo liitwalo ads.txt, linalotaja nani ameruhusiwa kuuza nafasi za tovuti hiyo. Likiharibika, wanunuzi wengi hukataa kununua. Haya ni makosa ya fundi, na dawa yake ni dakika chache za kazi.

Nne, kuna jambo ambalo yatupasa kulisema wazi ijapokuwa litawaudhi wengine. Imesikika ya kwamba wanachama fulani hufungua tovuti kila jioni na kubonyeza matangazo mara nyingi "ili kuisaidia." Ndugu, huko ni kuiua. Google inakataza kabisa mwenye tovuti kubonyeza matangazo yake au kuwaomba watu wayabonyeze. Ikigundua, huzikata fedha hizo, na huweza kuifunga akaunti nzima pamoja na kilichomo. Mwenye duka aliyelipa tangazo amelipa apate mnunuzi, naye hakupata. Kama sisi hatutaki kuibiwa saa zetu za kazi, tusimwibie mwingine shilingi yake kwa kidole. Aliyefanya hivyo na aache leo.

Tano, tutazame dola. Hapa wengi walilaumiana bure mwaka 2024. Januari ya mwaka ule dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Mwezi wa Februari Serikali ilikopa dola bilioni 1.5 kwa hati mpya, ili ilipe sehemu ya deni la dola bilioni 2 lililokuwa lifike mwisho mwezi wa Juni. Hofu ya wafanya biashara ikapungua, shilingi ikapata nguvu, na kufikia Aprili dola ilikuwa karibu shilingi 130. Fanyeni hesabu. Tovuti iliyopata dola 200 ilileta shilingi 32,000 mwezi wa Januari. Dola zile zile 200 zikaleta 26,000 mwezi wa Aprili. Shilingi 6,000 zimetoweka, na hakuna aliyeziiba.

Tena kuna mambo mawili ya malipo. Google hailipi mpaka akaunti ifikishe dola 100. Ukipata 95 mwezi huu, benki haitaona hata senti, bali fedha hizo hungojea mwezi ujao. Mtu asiyejua atasema mapato yamekuwa sifuri. La pili ni kodi. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka makato ya asilimia 5 kwa mkazi wa Kenya anayelipwa kwa kazi za namna hii za mtandao, kuanzia Julai mwaka huo. Makato kama haya sharti yaandikwe katika daftari peke yake, yasichanganywe na hasara.

Mtauliza: tutajuaje kosa ni lipi kati ya hayo yote? Tazameni jinsi mapato yalivyoshuka. Yakianguka siku moja au mbili kisha yakarudi, huenda ni nyaya au umeme. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 12 Mei 2024 zilipokatika nyaya za baharini za EASSy na Seacom, na tarehe 25 Juni mwaka huo mtandao ulipozoroteshwa siku ya maandamano ya Nairobi. Yakianguka siku moja na yasirudi, ulizeni: siku hiyo nani aligusa tovuti, au Google ilibadili nini? Yakishuka polepole kwa miezi, wasomaji wanatuacha. Ikiwa dola ni zile zile na shilingi ndizo zimepungua, nendeni mkatazame bei ya benki. Na ikiwa taarifa ya Google yasema dola 200 zimelipwa, benki nayo imepokea 200, lakini daftari letu laonyesha 120, hapo ndipo mahali pa kumwuliza karani, tena kwa ukali, lakini kwa utaratibu.

Kwa hiyo twaitaka halmashauri ifanye haya kabla ya kura yoyote kupigwa. Taarifa ya Google ya miezi 24 ichapwe, pamoja na taarifa ya benki, zibandikwe ubaoni Kitale na Bungoma, kila mtu asome. Watu wawili, mmoja kutoka kila tawi, wakae na karani waipitie siku kwa siku. Karani naye achague mwenzake wa kukaa karibu naye. Na tangu sasa ufunguo wa akaunti usiwe kwa mtu mmoja: katibu na mweka hazina nao waweze kuona hesabu wakati wowote. Hilo litamlinda mwenye mali, na litamlinda karani mwaminifu zaidi.

Halafu tufikiri mbele. Kumtegemea mnunuzi mmoja ni hatari. Machi 2024 Wizara ya Habari iliagiza matangazo ya Serikali ya redio na televisheni yapelekwe KBC peke yake, tena kwa barua tu. Sisi watu wa reli twalijua jambo hili. Tawi la Leseru hadi Kitale lilikaa miaka mingi bila treni, na mahindi yalipanda malori. Kuna waliosema wafanyakazi ni wavivu. Wafanyakazi walikuwapo, mizigo ndiyo iliyokuwa imehama. Basi tovuti yetu isingojee Google tu. Maduka ya pembejeo, wasagaji wa unga na wenye matatu wa Kitale na Bungoma wanaweza kulipia nafasi kwa shilingi, kwa mwezi, kwa risiti.

Waliochanga fedha wana haki ya kukasirika. Wengine walitoa karo ya watoto. Lakini hasira haitarudisha hata dola moja, na ikimfukuza mtu asiye na kosa, tundu litabaki pale pale, upepo uendelee kutoka, na mwezi ujao tutakuwa tunamtafuta mwingine wa kumfukuza.

Umoja ni nguvu.

MHARIRI