Mpiga Kura na Kahawa ya Butura

Husemwa siku hizi, na husemwa zaidi na watu wakaao mbali na mashamba, kwamba mwananchi wa kawaida amechoka na siasa. Sisi twasema usemi huo si kweli. Aende mtu yeyote Ihembe, kata iliyomo katika Wilaya ya Karagwe, akae na wakulima saa moja tu. Watamweleza bei ya kahawa, na fedha za chama cha msingi zilizochelewa kulipwa. Watamweleza habari za migomba inayonyauka, za barabara wakati wa masika na za dawa katika zahanati. Mambo hayo yote ni siasa, na hakuna anayechoka kuyasema. Alichochoka nacho mwananchi ni kura isiyoamua neno.

Hesabu za Tume ya Uchaguzi zatuonyesha jambo hilo waziwazi. Mwaka 2010 waliandikishwa watu zaidi ya milioni 20, lakini waliopiga kura hawakufika milioni 9, yaani chini ya watu 43 kwa kila mia. Mwaka 2015, uchaguzi ulipokuwa wa ushindani mkali kuliko wowote uliopata kuonekana tangu vyama vingi virudi, watu walitoka tena: 67 kwa mia. Mwaka 2020 wakashuka hadi 50 na kitu. Je, wananchi wale wale walikuwa wavivu mwaka 2010, wakawa hodari mwaka 2015, kisha uvivu ukawarudia? La hasha. Mtu hutoka nyumbani alfajiri, akasimama mstarini juani, anapoona kwamba kusimama kwake kwaweza kubadili kitu. Asipoona hivyo huenda shambani.

Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 wataka kusemwa peke yake, na ni aibu kwa gazeti la Chama kuupita kimya. Tume ilimtangaza mshindi wa urais kwa kura 97.66 kwa mia. Lakini CHADEMA haikuwamo katika karatasi ya kura, kwa kuwa ilikuwa imezuiwa tangu Aprili baada ya kukataa kutia sahihi kanuni za maadili, na Mwenyekiti wake alikuwa mahabusu akikabiliwa na mashtaka ya uhaini. Mgombea wa ACT-Wazalendo naye alikuwa ameondolewa. Siku ile ile ya kura vijana waliingia barabarani Dar es Salaam na katika miji mingine, intaneti ikazimwa, amri ya kutotoka nje ikatangazwa, na watu wakafa. Mwezi uliofuata Rais aliunda Tume ya Uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Hatutaki kujifanya mahakimu. Lakini chama kinachotangazwa kupata karibu kura zote, na siku hiyo hiyo kikaona moshi mitaani, hapana budi kijiulize kura zile zilikuwa zikisema nini, na wale waliokuwa barabarani walikosa mahali gani pengine pa kusemea.

Wakulima wa Karagwe na Kyerwa wana neno ambalo laweza kutusaidia kuufahamu ugonjwa huu. Neno hilo ni butura. Kahawa ingali maua mtini, na mwenye shamba ana shida ya karo au ya mgonjwa. Huja mlanguzi mwenye fedha mkononi, akainunua kahawa ile kwa bei ya kutupa kabla haijazaa. Msimu ukifika, mkulima huchuma, huanika na kujaza magunia kwa jasho lake mwenyewe, lakini kahawa si yake tena. Serikali imepiga marufuku biashara hiyo mara nyingi, na Chama kimeihubiri ubaya wake mara nyingi zaidi. Sasa twauliza: uchaguzi wetu nao haukuingia katika butura? Siku ya kura mwananchi huchuma tunda ambalo mwenyewe alikwisha kujulikana miezi mingi kabla, katika chumba ambacho mwananchi huyo hakukanyaga.

Si mara ya kwanza nchi hii kukutwa na shida ya namna hiyo. Mwezi Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71 vya Bunge la Tanganyika, na katika viti 58 kati ya hivyo hapakuwa na mpinzani. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya nchi ilipata wabunge wake wa uhuru bila mtu kutia karatasi sandukuni. Chama kilishangiliwa kweli kweli. Wala hakuna aliyesema kimeiba. Hata hivyo viongozi wa wakati ule waliona hatari. Mbunge asiyepigiwa kura hana sababu ya kumwogopa aliyemtuma. Mwaka 1964 ikaundwa Tume ya Rais iliyoongozwa na Rashidi Kawawa, na matokeo yake yakaonekana katika uchaguzi wa Septemba 1965.

Vijana wengi hawajapata kuelezwa uchaguzi ule ulivyokuwa. Mkutano wa TANU wa wilaya uliwapigia kura waombaji, Halmashauri Kuu ya Taifa ikapitisha majina mawili kwa kila jimbo, na neno la mwisho likawa la wananchi wote, wanachama na wasio wanachama. Mgombea mmoja alipewa alama ya jembe, wa pili alama ya nyumba. Hakuna aliyeruhusiwa kufanya mikutano yake mwenyewe wala kutumia fedha zake kutafuta kura: wote wawili walisimama jukwaa moja mbele ya watu wale wale, wakaulizwa maswali yale yale. Ukabila, rangi na dini vilikatazwa kutajwa. Vyama vya wafanyakazi na ushirika navyo vilikuwa na nafasi ya kupendekeza majina kwa viti vya wabunge wa taifa.

Wananchi walifanya nini na haki hiyo? Waliitumia bila haya. Wabunge wengi waliokuwamo walianguka, na pamoja nao Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mtu mwenye sifa kubwa ya kuujenga ushirika wa pamba kule Kanda ya Ziwa. Lakini Amir Jamal, Mtanzania mwenye asili ya Kiasia, alishinda Morogoro, na Derek Bryceson, Mzungu, akashinda Dar es Salaam. Walioogopa kwamba mkulima angechagua kwa rangi waliaibika. (Bomani alirudishwa Bungeni baadaye kwa uteuzi wa Rais, akawa waziri tena, jambo hilo laonyesha kwamba hata siku zile mlango wa nyuma haukufungwa kabisa.)

Hatusemi turudi katika chama kimoja. Mfumo ule ulikuwa na kuta zake: asiye mwanachama wa TANU hakuweza kugombea, Rais alikuwa peke yake katika karatasi yake, na mtu mwenye fikra nyingine kabisa hakuwa na pa kuzipeleka. Ukafa mwaka 1992, na haki ilikuwa ufe. Tunalosema ni jingine. Mfumo ule, pamoja na ufinyu wake wote, ulimwachia mkulima kitu kimoja ambacho mfumo wetu wa vyama vingi umemnyang'anya katika majimbo mengi: uwezo wa kumwangusha mtu wa Chama bila kukiangusha Chama.

Leo uwezo huo uko mikononi mwa nani? Katika jimbo ambalo mgombea wetu hakika atashinda, uchaguzi wenyewe ni kura za maoni, na wapigao kura hizo ni sehemu ndogo sana ya watu watakaotawaliwa na mshindi. Tena wakiisha kupiga, vikao vya juu vyaweza kumwacha wa kwanza wakamchukua mwingine, kama ilivyotokea katika majimbo kadhaa mwaka 2020. Zipo nyakati ambapo vikao vina sababu njema, maana aliyeshinda kwa rushwa hapaswi kupewa bendera. Lakini sababu hiyo haitangazwi, na wanachama hubaki kunong'ona. Na rushwa yenyewe yatoka wapi? Wapiga kura mia chache wananunulika; makumi ya maelfu hawanunuliki, kwa sababu hakuna mfuko unaotosha. Mwaka 2000 sheria iliwahi hata kuihalalisha takrima, na ikabidi Mahakama Kuu iifute mwaka 2006. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Sheria hizo ni njema, ila zamfukuza mlanguzi huku zikiliacha soko lake wazi.

Kisha kuna ushindi wa kupita bila kupingwa. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa makosa ya fomu, na CHADEMA ikajitoa. Mwaka 2020 wabunge 28 walipita bila kupingwa, na tukawapigia vigelegele. Tulisahau kabisa mwaka 1960! Yafaa kusifu kwamba sheria ya uchaguzi ya mwaka 2024 sasa yataka hata mgombea aliye peke yake apigiwe kura ya Ndiyo au Hapana. Lakini kura ya Hapana yataka moyo mkubwa katika kijiji ambamo kila mtu amjua mwenzake.

Liko jambo jingine ambalo wakulima huliuliza nasi hatuwajibu: mbunge akiisha kuchaguliwa, akapotea miaka mitano, tumfanye nini? Rasimu ya Katiba iliyotolewa na Tume ya Jaji Joseph Warioba mwezi Desemba 2013 ilikuwa na jibu. Iliwapa wananchi haki ya kumwondoa mbunge wao kabla ya muda, na ikaweka ukomo wa vipindi vitatu. Bunge Maalumu lilipomaliza kazi yake Oktoba 2014, vyote viwili vilikuwa vimetolewa. Walioviondoa walikuwa wengi wao wabunge. Msomaji apime mwenyewe. Ng'ambo ya Mto Kagera, Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 iliiandika haki hiyo, lakini kwa masharti kwamba idumu tu wakati wa mfumo wa Movement, nayo ikalala vyama viliporudi. Kenya iliiandika mwaka 2010, kisha sheria iliyofuata ikaizungushia vizuizi vingi hata Mahakama Kuu ikavifuta baadhi yake. Kwa hiyo hatuwadanganyi wasomaji kwamba kuiandika haki ni sawa na kuipata.

Twaona yako mambo ambayo Chama chaweza kuyatenda bila kungoja Katiba mpya. Kila mwanachama mwenye kadi hai apige kura ya maoni katika tawi lake, si wajumbe peke yao, na hesabu ya kila tawi ibandikwe ukutani jioni ile ile. Kikao cha juu kikimwacha aliyeongoza, sababu isomwe mbele ya mkutano wa jimbo, naye aliyeachwa awepo. Waombaji watembezwe pamoja, kwa gari la Chama, katika jukwaa moja, kama mwaka 1965, ili mwenye fedha na asiye nazo waulizwe swali moja la kahawa na kila mmoja ajibu kwa kinywa chake.

Na vijijini, mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa kanuni hufanyika kila miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi, ufanyike kweli. Makatibu wa matawi waulizwe katika vikao vya mwezi huu ni vijiji vingapi katika eneo lao vimekwisha kusomewa hesabu tangu uchaguzi wa Novemba 2024, na majibu yaletwe kwa maandishi.