Pensheni ya Uingereza isigande kwa sababu mtu amerudi Mbinga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo wengi hulidhania ni la Wazungu peke yao, kumbe linatugusa hata sisi wa Mbinga na wenzetu wa ufukoni Ziwa Nyasa. Jambo lenyewe ni pensheni ya uzeeni inayolipwa na Serikali ya Uingereza.

Wananchi wa Uingereza wamekuwa wakiilalamikia sana Serikali yao juu ya malipo hayo. Zamani mwanamke alianza kulipwa akiwa na miaka 60 na mwanamume 65. Umri huo ukasogezwa hadi 66 kwa wote, na sheria imekwisha kupanga usogezwe tena hadi 67 kati ya mwaka 2026 na 2028. Akina mama waliozaliwa miaka ya 1950 wakalalamika kwamba hawakuarifiwa mapema. Machi 2024 ofisi ya Bunge lao inayochunguza malalamiko ikasema wanastahili fidia. Desemba ya mwaka huohuo Serikali ikakataa kutoa hata senti. Mwaka huohuo tena ikawaondolea mamilioni ya wazee posho ya kuwashia moto wakati wa baridi, na mwaka 2025, baada ya kelele nyingi, ikawarudishia walio wengi. Kwa hiyo mzee wa huko hajui kesho ataamkia sheria gani.

Hayo ni mambo yao na wana Bunge lao. Ninalotaka kulisema ni lile ambalo hata kwenye malalamiko yao halisikiki sana, nalo ni pensheni inayogandishwa.

Wapo Watanzania waliokwenda Uingereza wakafanya kazi ya uuguzi, udereva wa mabasi, usafi na kutunza wazee wa watu. Kila mshahara unakatwa mchango wa bima ya taifa, atake asitake. Kwa utaratibu ulioanza Aprili 2016, anayefikia umri wa kustaafu ni lazima awe na miaka 10 ya michango ndipo apate chochote, na miaka 35 ndipo apate pensheni kamili. Sasa mtu huyo akisema amechoka na baridi, anarudi kwao Maguu au Lituhi akazeekee penye kahawa yake au penye usipa wake, pensheni atatumiwa, lakini haitapanda tena maisha yake yote. Itabaki kiasi kilekile alichokuwa akipokea siku aliyoondoka.

Tuchukue hesabu. Aliyeanza kupokea pensheni kamili Aprili 2016 alilipwa paundi 155.65 kwa wiki. Mwenzake aliyebaki London alikuwa amefikia paundi 230.25 kuanzia Aprili 2025, kwa sababu huko inaongezwa kila mwaka. Aliyerudi Mbinga mwaka ule wa kwanza alikuwa bado na 155.65 yake. Tofauti ni paundi 74.60 kila wiki, yaani zaidi ya paundi 3,800 kwa mwaka, na kila Aprili pengo linazidi kupanuka. La kuchekesha ni kwamba akipanda ndege kwenda London kuwaona wajukuu, atalipwa kile kiwango cha juu kwa zile wiki za matembezi tu. Akishatua Dar es Salaam, kinashushwa.

Huenda mtu akadhani huu ni ubaguzi wa rangi. Sivyo, na tuseme kweli. Mzungu aliyetumika katika hospitali ya misheni pale Liuli akaamua kuzeekea hapohapo anagandishiwa vilevile. Wengi wa waliogandishiwa, ambao jumla yao inakaribia nusu milioni, ni Waingereza hasa walioko Australia, Kanada na nchi nyingine za Jumuiya ya Madola. Mama mmoja, Anne Puckridge, aliyelitumikia jeshi la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, alihamia Kanada mwaka 2001 na pensheni yake ikakwama paundi 72.50 kwa wiki. Mwishoni mwa mwaka 2024, umri wake ukiwa unafika miaka 100, alisafiri hadi London kutetea haki hiyo, na Waziri Mkuu Keir Starmer hakuonana naye.

Kinachoamua basi ni mahali unapoishi. Anayehamia Marekani, Ufilipino, Jamaika, Uturuki au nchi za Ulaya anaongezewa kila mwaka, kwa kuwa zipo sheria na mikataba. Katika bara letu la Afrika na visiwa vyake ni Morisi peke yake. Na huu ndio uchungu wenyewe: nchi nyingi za Madola, zinazoitwa ndugu kwenye sherehe, ndizo zinazogandishiwa.

Wazee wachache walikwenda mahakamani. Kesi ikapita ngazi zote hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, ambayo Machi 2010 iliwakatalia kwa kura 11 dhidi ya 6. Serikali ya Uingereza ilijitetea kwamba mchango wa bima ya taifa si akiba ya mtu, bali unaingia katika mapato ya kulipia mambo mengi, na kwamba pensheni inapandishwa kufuata gharama za maisha za Uingereza. Mimi si mwanasheria, lakini hoja hiyo ya pili inanishangaza. Je, gharama za maisha za New York ndizo zinazofanana na za Uingereza? Na huyu aliyerudi Mbinga hatumii tena hospitali zao, anatibiwa Litembo kwa fedha yake. Kwa kuondoka kwake amewapunguzia mzigo.

Ndugu Mhariri, historia yetu na Serikali hiyo katika jambo hili la pensheni inafaa ikumbukwe. Nchi yetu ilipopata Uhuru mwaka 1961 ilirithi mzigo wa kuwalipa pensheni maofisa wa kikoloni. Aliyekuwa bwana shauri hapa akarudi kwao Uingereza alitazamia kulipwa kutoka Dar es Salaam, kwa jasho la mkulima wa kahawa na pamba. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere na Serikali yake wakasema basi: utumishi wa kabla ya Uhuru ulikuwa utumishi kwa Serikali ya Uingereza, na aliyetumikiwa ndiye alipe. Waingereza walikasirika, wakatukatia misaada. Lakini waliwalipa watu wao, na mwaka 1973 Bunge lao likatunga sheria ya kuzibeba pensheni za namna hiyo kwa makoloni yao ya zamani. Yaani hoja yetu ndiyo iliyofuatwa mwishowe.

Tazama sasa. Wakati wa ugomvi ule hawakusema kwamba pensheni ni hisani ya mlipaji, wala kwamba mtu akihama nchi haki yake inapungua. Walisema ni deni, na deni halijali mpaka. Leo muuguzi wetu amefanya kazi London miaka 30 akarudi nyumbani, wimbo umebadilika.

Na wimbo huo tuliwahi kuusikia hapa ufukoni. Agosti 13, 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia meli ya Wajerumani pale Liuli, na vita vikaanza katika ziwa letu. Waafrika walitumikishwa na pande zote mbili. Mwaka 1964 Ujerumani ya Magharibi ilikubali kuwalipa askari wake wa zamani waliokuwa bado hai huku kwetu, nusu karne baadaye, nayo ndiyo iliyoshindwa vita! Waingereza je? Katika Vita Kuu ya Pili Tanganyika ilitoa askari zaidi ya 80,000, ambao wengine walifika Burma. Mwaka 2019 waandishi wa habari walifichua hati zinazoonyesha kwamba kiinua mgongo cha askari Mwafrika wa cheo cha chini kilihesabiwa shilingi tatu na nusu kwa kila mwezi wa utumishi, wakati Mzungu wa cheo hichohicho aliyeishi kwenye makoloni alihesabiwa shilingi 10. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Serikali ya Uingereza ilikuwa imetangaza karibu paundi milioni 12 ili wakongwe wa Madola walio maskini wapate milo miwili kwa siku. Chakula ni kitu chema na hatukikatai. Ila msaada hutolewa na anayependa, kwa muda anaopenda, lakini mshahara wa jasho hauombwi.

Najua wapo watakaosema: mwenye paundi 155 kwa wiki ni tajiri kwetu, kwa nini tumlilie wakati mkulima wa Umatengo amechimba ngoro miaka 50 na hana pensheni yoyote? Ni swali la haki. Hata waajiriwa wetu wamekuwa na kilio chao cha kikokotoo tangu 2018, na wazee wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika 1977, walisumbuka miaka mingi wakidai mafao yao. Hayo yazungumzwe, na kwenye gazeti hili yamezungumzwa. Lakini fedha ya pensheni inayotumwa Mbinga haibaki mfukoni mwa mtu mmoja. Inalipa ada za watoto wa ndugu, inamlipa fundi anayejenga, inanunua mbolea ya kahawa. Inapogandishwa, kijiji kizima kinapunjwa. Zaidi ya hayo, vijana wetu wanazidi kwenda huko, na wengi wao hawajui kabisa habari hii.

Kwa hiyo naziomba Wizara za Mambo ya Nje na ya Kazi zitueleze kama suala la mkataba wa hifadhi ya jamii kati ya Tanzania na Uingereza limewekwa mezani, na kama bado, liwekwe. Kanada imekwisha kuomba zaidi ya mara moja ikakataliwa, hivyo si vizuri twende peke yetu. Twende na Kenya na Uganda, ambazo watu wao wamegandishiwa kama wetu, na tulisemee katika mikutano ya viongozi wa Madola, mahali ambapo Australia na Kanada zitatuunga mkono kwa sababu ya wazee wao. Na kijana anayeondoka kwenda kufanya kazi huko aelezwe kabla hajapanda ndege, na apewe kwa maandishi, kwamba pensheni atakayoichangia London itasimama siku atakaporudi nyumbani.

Mkulima wa Kahawa,
Mbinga, Ruvuma.