MIKONO YENYE UDONGO



Likizo kubwa imefika. Mvua imekwisha zamani, majani yamekauka kandokando ya njia, na watoto wa shule za wadogo, zile tunazoziita maternele, wako nyumbani mpaka mwezi wa tisa. Katika ukurasa huu tumekwisha kunena mara nyingi juu ya chakula cha mtoto, juu ya usingizi wake na juu ya sala zake. Leo twataka kunena juu ya uchafu wake.

Mtoto wa miaka mitatu au minne akikuta maji na udongo mahali pamoja, hawezi kupita. Ataukanda, ataupaka ukutani, atautia katika nywele za mdogo wake. Mama arudi toka sokoni, aona nguo aliyoifua jana, na mkono wake hutangulia kinywa chake. Tena wako wazazi wanaomwendea mwalimu wa maternele kumwambia kwamba wao walipa fedha ili mtoto ajifunze kusoma na kuhesabu, si kuchezea matope. Mwaka wa pili wamhamisha, wampeleka kwenye shule ambako watoto wadogo hukaa juu ya mabenchi, mikono imekunjwa, wakiimba a, e, i, o, u toka asubuhi hata saa ya kurudi.

Hasira ya mama huyo ina sababu. Sabuni ni fedha, na katika mitaa mingi maji huchotwa kwa ndoo, tena mbali. Basi hatumcheki. Lakini mtoto aliyempiga hakuwa akifanya ubaya. Alikuwa kazini.

Mtazameni siku moja bila kusema neno. Atwaa kopo, alijaza maji, ayamwaga katika kopo lililo dogo zaidi, maji yafurika, astaajabu, aanza tena. Afanya hivyo mara kumi. Hapo ajifunza kubwa na dogo, tele na nusu, kabla hajajua kutamka hesabu yoyote. Akanda udongo: vidole vyake, ambavyo mwaka jana havikuweza kufunga kifungo, vyapata nguvu na utii. Ni vidole hivyohivyo ambavyo mwalimu wa darasa la kwanza atavitaka vishike kalamu. Mtoto aliyeketishwa na mikono imekunjwa kwa miaka mitatu huja darasani akijua kuimba herufi zote, lakini kalamu yamtoroka mkononi. Walimu wa darasa la kwanza wawajua watoto wa namna hiyo.

Nasi wakristu, tungedharauje udongo? Kitabu cha Mwanzo chatuonyesha Mungu mwenyewe akimfinyanga mtu kwa mavumbi ya nchi. Bwana wetu alipomponya yule kipofu wa tangu kuzaliwa, alitema mate chini akafanya tope kwa mikono yake. Iko pia hadithi ya kale kwamba Mtoto Yesu, alipokuwa na miaka mitano, alifinyanga shomoro kumi na wawili kwa udongo wa kijito. Hadithi hiyo haimo katika Injili takatifu, na Kanisa halikuipokea kati ya Maandiko. Lakini yaonyesha ya kuwa wakristu wa zamani hawakuona aibu kumfikiria Mwokozi akiwa na matope vidoleni kama watoto wetu.

Wengi wamesikia jina la Maria Montessori, yule mganga wa Italia. Wachache wajua jinsi shule yake ya kwanza ilivyozaliwa. Huko Roma, katika mtaa wa maskini uitwao San Lorenzo, majumba yalikuwa yametengenezwa upya kwa ajili ya wafanyakazi. Wazazi walitoka kwenda kazini, watoto wasiotimiza umri wa shule wakabaki peke yao, wakaanza kuchafua kuta na kuharibu ngazi. Wenye majumba waliona ni afadhali kuwakusanya katika chumba kimoja na kumtafuta mtu wa kuwaangalia. Ndivyo ilivyofunguliwa Nyumba ya Watoto, tarehe 6 Januari 1907, siku ya Epifania. Basi chanzo cha shule ile mashuhuri kilikuwa kuta zilizochafuliwa! Montessori hakuwafunga watoto mikono. Aliwapa kazi za mikono: kumimina maji, kufuta meza, kunawa vizuri, kurudisha kila kitu mahali pake. Aliona kwamba mtoto mdogo apenda kusafisha kama vile apendavyo kuchafua, mradi apewe kitambaa chake mwenyewe, kilicho sawa na mkono wake.

Hapo pana msaada mkubwa kwa mama wa nyumba. Mchezo wa udongo usiishe bila kufuta, kuosha makopo na kufagia. Tena uwekwe saa moja tu kabla ya kuoga, ili mwili uoshwe mara moja na sabuni isipotee. Katika Katanga asubuhi za mwezi wa sita na wa saba ni za baridi. Ngojeni jua lipande. Mtoto avikwe shati kuukuu la baba, limegeuzwa ili vifungo viwe mgongoni, na mikono yake imekatwa. Pachaguliwe mahali pamoja uani, chini ya mwembe au kando ya jiko, na mtoto ajue kwamba hapo ruhusa ipo, na ndani ya nyumba haipo. Watoto wafahamu mpaka wa namna hiyo upesi kuliko tunavyodhani.

Udongo ulio bora twaupata bure. Ni ule wa vichuguu vikubwa, ambao mafundi hufyatulia matofali. Upondeni, toeni mawe na mizizi, uchekecheni, kisha tieni maji kidogo kidogo na kuukanda kama mnavyosonga bukari, mpaka usishike tena vidoleni. Ukilala usiku mmoja umefungwa katika kitambaa chenye maji, kesho utakuwa laini zaidi.

Kwa ajili ya rangi, mkaa uliosagwa watoa nyeusi. Udongo mwekundu mwaujua. Udongo mweupe, ule wa pemba unaouzwa sokoni, watoa nyeupe. Nyasi mbichi zilizotwangwa zatoa kijani. Na manjano kidogo kwa ncha ya kijiko yatosha watoto wanne. Maji mliyopikia wali, badala ya kuyamwaga, yachanganyeni na rangi ili ishike. Mtoto apake kwa vidole, au kwa unyoya wa kuku, au kwa kijiti kilichotafunwa ncha. Karatasi si lazima: katoni lililopasuliwa, ubao, jani la mgomba, hata ukuta wa nyuma kama baba akubali. Lakini jani la mgomba likatwe na mtu mzima na utomvu uachwe ukauke, kwa maana kila mama ajua kwamba doa la utomvu wa mgomba halitoki hata nguo izeeke.

Katika vitabu vya Ulaya na Amerika mtasoma mambo mengine: twaa kilo ya unga, twaa wali utie rangi, wape watoto wauchezee. Hapa kwetu tusifanye hivyo. Mtoto aliyesali mezani kumshukuru Mungu kwa chakula, kisha akauona unga ukikanyagwa kwa mchezo, hajui tena aamini lipi. Na ng'ambo ya ua huenda iko nyumba ambayo usiku uliopita hawakuwasha moto. Walimu wa maternele walio na vitabu hivyo waviazime mawazo, lakini unga wauache jikoni. Ndugu wawili wa kike huko Italia, Rosa na Carolina Agazzi, waliofundisha watoto maskini wa Mompiano karibu na mji wa Brescia mwishoni mwa karne ya 19, walionyesha jambo hilo wazi: vifaa vyao vilikuwa vile watoto walivyovileta mifukoni, yaani vifungo, kokoto, vipande vya nguo, vijiti. Kwa vitu hivyo walifundisha rangi, maumbo na hesabu.

Sasa yapo mambo ambayo hatuwezi kuyapita kwa haraka, kwa sababu si kila udongo ni rafiki wa mtoto.

Ninyi mnaokaa karibu na machimbo na viwanda vya kuyeyusha shaba, huko Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na kwingineko, msichukue udongo wala mchanga uliotoka huko, wala msiwaruhusu watoto kuchezea mabaki meusi ya viwanda. Mwaka 2009 wataalamu wa Lubumbashi na wa Ubelgiji walitangaza matokeo ya kupima mikojo ya watu wa kusini mwa Katanga. Walikuta kobalti na madini mengine kwa wingi wa kutisha, hasa kwa wale wanaokaa karibu na machimbo na viwanda, na watoto hawakusalimika. Mtoto mdogo hutia vidole kinywani mara nyingi mchana kutwa. Vumbi lililo mkononi huwa tumboni. Katika mitaa hiyo nunueni au ombeni udongo wa kichuguu cha mbali, au mchezeshe kwa maji na vijiti peke yake.

Udongo wa karibu na choo, na wa mahali ambapo watu hujisaidia, una mayai ya minyoo, na safura huingia kwa nyayo zisizo na viatu. Mwenye shaka aukaange udongo wake kwenye sufuria kuukuu kabla ya kuutia maji, maana moto waua mayai hayo. Baada ya mchezo mikono yote ioshwe kwa sabuni, na kucha ziwe fupi.

Betri zilizokufa zisivunjwe. Twajua kwamba katika shule nyingi unga wake mweusi hupakwa ubaoni. Lakini una sumu, na si rangi ya watoto. Ua wa mnyaa pia ni hatari: maziwa yake yakiingia jichoni hulichoma vibaya. Kadhalika zile mbegu nzuri nyekundu zenye jicho jeusi, ambazo watu hutunga shanga na hata rozari. Mtoto akitafuna moja aweza kufa. Maharagwe na punje za mahindi hupenda kuingia puani, jambo ambalo kila masista wa zahanati wamelizoea.

Na maji. Beseni lisilofika goti la mtoto laweza kumzamisha, akiinama akaanguka kwa kichwa. Hatapiga kelele. Ukiitwa mlangoni, mwage maji kwanza, halafu uende.

Sasa neno kwa walimu, na kwa baba pia, ambao hupenda kusahihisha. Mtoto amefinyanga kitu. Sisi twauliza: Ni nini hiki? Kisha twatwaa udongo mkononi mwake na kumwonyesha jinsi ng'ombe anavyopaswa kuwa, pembe mbili na miguu minne. Tangu hapo mtoto hafinyangi tena, angoja tumfinyangie. Katika maternele nyingine watoto thelathini hupewa picha thelathini zilizo sawa, nao hupaka ua moja rangi nyekundu na jani moja rangi ya kijani, na mwishoni mwa muhula wazazi huzisifu kwa kuwa ni safi. Ni safi kweli, lakini hamna mtoto ndani yake.

Mji wa Lubumbashi, ulipokuwa bado ukiitwa Elisabethville, uliona mfano mwingine. Mwaka 1946 Mfaransa mmoja aliyekuwa zamani ofisa wa majini, Pierre Romain-Desfossés, alifungua huko karakana ya wachoraji. Hakutaka wanafunzi wake waige picha za Ulaya. Aliwapa rangi, akawaacha watafute kila mtu njia yake. Pilipili Mulongoy akachora ndege, samaki na nyoka. Mwenze Kibwanga akajaza picha zake mistari mifupi iliyokaribiana kama ufumaji. Na Bela, mtu wa nchi ya Chad aliyekuja pamoja na Mfaransa yule na kumtumikia, alitia ncha za vidole katika rangi akachora kwa vidole vitupu, doa baada ya doa. Romain-Desfossés alifariki mwaka 1954, lakini picha za vidole vya Bela zahifadhiwa hata leo, na wataalamu huzisafiria kwenda kuzitazama. Mama mwenye ukuta uliopakwa na mtoto wake si lazima aungoje utaalamu huo. Amwambie tu: Nisimulie. Kisha asikilize, mara nyingi hadithi ni ndefu kuliko picha.

Ninyi wanafunzi wakubwa, ambao katika likizo hii mwawalinda wadogo zenu wakati mama yuko sokoni au shambani, kazi hii ni yenu hasa. Mwajua kutengeneza gari la waya na mpira wa majani ya migomba. Msiwafanyie wadogo, kaeni nao wafanye vibaya mpaka waweze. Msiwacheke. Na yule mtoto mwenye kilema, ambaye katika nyumba nyingine huachwa ndani wakati wengine wakicheza, mtoeni uani. Udongo hauhitaji miguu.

Vitu walivyovifinyanga viwekwe kivulini siku saba, visianikwe juani siku ya kwanza, maana hupasuka. Vikikauka kabisa, mwaweza kuvitia katika majivu ya moto mama akimaliza kupika, kimoja kimoja, watoto wakikaa mbali. Udongo uliobaki ufanyeni donge, litobolewe kwa kidole, tundu lijazwe maji, lifungwe katika kitambaa na kufunikwa kwa kopo. Kesho utakuwa tayari.