Kazi za saa tuziweke wapi ndani ya mashini?



Tangu wiki mbili wenzetu wa kikundi cha informatiki wanabishana. Wanataka kutengeneza programu ndogo ya kutunza kazi za internati: nani anachota maji asubuhi, nani anafagia kanisa, darasa gani iko na zamu kwa chumba cha mashini, mgonjwa gani ameze dawa saa ngapi. Saa ikifika, ordinatere ilie na ionyeshe jina. Jambo ni zuri. Lakini wamekwama pale pale mwanzo: kazi zile zipangwe namna gani ndani? Sisi tuko na wazo letu, na tunaliandika wazi, maana jina likipotea ndani ya mashini, anayeazibiwa ni mtoto, hapana mashini.

Wakubwa wa darasa la 6 wanasema njia ya wenye akili ni lundo. Lundo hii si takataka. Uwaze vipande vya karatasi juu ya meza, kila kimoja na kazi yake na saa yake. Kile cha kazi iliyo karibu kabisa kinakaa juu peke yake. Chini yake viwili, na chini ya kila kimoja viwili tena. Sheria ni moja: kipande cha chini kisitangulie kwa saa kile kilicho juu yake. Bwana J. W. J. Williams alieleza njia hii mwaka 1964, na kweli ni ya ajabu. Hata kazi zikiwa milioni 1, kuingiza mpya kunaomba kupanda ngazi 20 hivi tu.

Sawa. Lakini internati yetu iko na kazi milioni? Za juma nzima hazifiki 200. Kwa hesabu ile mashini inasoma orodha yote toka juu mpaka chini mbele hujafunga jicho. Tena lundo iko na tabia mbili ambazo wakubwa wetu hawakuzisema. Ya kwanza: madarasa mawili yakiomba saa moja ileile, lundo haikumbuki nani alitangulia kuomba, mpaka uipe kila kazi namba ya kufika. Ya pili: inajua vizuri paka kazi ya juu. Ukitaka kufuta ile ya katikati, lazima uitafute. Na hapa kwetu kufuta njo kazi ya kila siku! Kuna matanga, mwalimu amekwenda Lubumbashi na barabara imemshika, mvua imenyesha, zamu inabadilika.

Wengine walitaja gurudumu, ambayo Varghese na Lauck waliieleza mwaka 1987. Hii hata mtoto wa darasa la 1 anaijua bila kujua: ni ile ratiba ya ukutani, Siku ya Kwanza mpaka Siku ya Sita, kila saa na chumba chake, na juma likiisha tunarudi mwanzo. Kwa zamu za kila juma inafaa sana. Kwa kazi ya miezi mitatu ijayo haina chumba, lazima gurudumu kubwa ingine ya miezi.

Lakini ndugu, ubishi huu wote unaacha jambo kubwa pembeni. Mashini zetu zinakula jua. Mawingu yakikaa siku mbili juu ya ziwa Moero, batri zinaisha, na lundo, orodha, gurudumu, vyote vilivyokuwa kichwani mwa mashini vinafutika pamoja. Njo maana tunasema: kwanza kazi iandikwe kwa faili, siku ileile inapoletwa, kisha mupange namna munapenda.

Na mashini ikiamka? Programu ya zamani iitwayo cron, ile ya Unix ya mwaka 1979, iliamka kila dakika na kuuliza kama kuna kazi ya dakika ile. Mashini ikiwa imezimika, kazi ilipita bure. Baadaye wengine walitengeneza anacron, inayoandika tarehe ya mara ya mwisho, ili ikiamka ijue deni yake. Lakini deni si zote za kulipa. Kengele ya saa 7 asubuhi isilie saa 11. Kufagia kunaweza kungoja. Na dawa? Mgonjwa aliyekwisha kuimeza mkononi mwa muuguzi, mashini isimwite tena. Basi kila kazi ibebe neno lake: ikichelewa, ifanywe, iachwe, ao aulizwe mtu.

Tena saa zenyewe ziandikwe kwa saa ya dunia nzima. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa 1, na mashini iliyotoka kule inaweza kuja na saa yake.

Sisi tunaomba hivi: orodha moja ya kawaida, iliyopangwa kwa saa, ndani ya faili, na kaye ya zamu ibaki mezani kwa msimamizi mpaka mwisho wa trimestre. Wakubwa waendelee kujifunza lundo kwa vipande vya karatasi, tutakuja kutazama. Mwenye wazo lingine aliandike na kulileta mbele ya gazeti lijalo.